Nani Abaki na Nani

Wewe mama wa kitanda cha pili, umeniuliza mbona silali. Umeniuliza kwa upole, mimi nikakujibu kwa ukali kama mtu aliyekosa adabu. Nisamehe, hasira hii si yako. Sogeza kiti nikusimulie, maana nikinyamaza macho yatafumba. Ila usigeuke kutazama koridoni. Yule mama mwembamba anayemchekea kila muuguzi anayepita... usimtazame.

Kazi yangu ni kusoma mto. Usicheke, ni kazi kama kazi nyingine, ina mshahara na sare. Kila jioni jua likielekea kuzama nateremka kwenye kituo chetu kando ya maji, naangalia kipimo, naipigia ofisi simu. Kazi yenyewe ni ya upweke, basi nikajizoeza chemsha bongo. Wafungwa watatu na kofia zao. Ndugu wawili, mmoja mkweli na mmoja mwongo, na wewe una swali moja tu. Wenzangu nilikuwa nawatesa wakati wa chai mpaka wakaniita Kichwa, na jina likanifuata hadi nyumbani. Nilikuwa naringa nalo, sikufichi.

Aliyenifundisha ni Mama Mdogo, mdogo wake mama yangu. Mama alipofariki yeye ndiye aliyetulea: mimi, kaka yangu na mdogo wetu wa mwisho. Jioni alituweka chini akatutegea fumbo lile ambalo kila mtoto analijua. Mtu ana chui, mbuzi na majani. Mtumbwi unambeba yeye na kimoja tu. Chui asibaki na mbuzi, mbuzi asibaki na majani. Avukeje? Kaka alikuwa analia kwa kushindwa. Mimi nilijibu hata hajamaliza kuuliza. "Huyu ana kichwa," Mama Mdogo alikuwa anasema, kisha ananishika utosi na kuninusa nywele.

Mdogo wetu alifariki mwaka jana. Hakuugua ugonjwa wenye jina. Alikohoa na kupungua, kila jioni akapungua, mpaka mwisho ukitazama shuka hujui kama chini yake kuna mtu. Aliacha binti mmoja, huyu unayemwona hapa. Tunamwita Chiriku, maana alikuwa anaamka anaongea na analala anaongea. Mvua za mwaka huu zilipoanza, na Chiriku naye akaanza. Jioni homa, asubuhi mzima, na kila ukimvalisha gauni linampwaya zaidi ya jana.

Kaka akaitisha kikao cha familia, na mchawi akapatikana upesi sana. Shangazi. Dada yake baba, mwanamke wa maneno makali, hakuolewa, hachekei mtu, anakaa chumba cha uani. Ushahidi uliletwa na Mama Mdogo: kila jioni anamkuta Shangazi kakaa sakafuni mlangoni kwa mtoto, mgongo kaegemeza mlango, panga mapajani. Akiulizwa anafanya nini pale, anajibu, "Nimekaa." Basi! Mimi mwenyewe, Kichwa mzima, nilimnyooshea kidole pamoja na wengine. Nikamwambia, "Ukimgusa mtoto huyu nitakutoa roho." Akanitazama, akanyanyuka, akaenda zake uani.

Sasa jioni ile. Mvua ilikuwa imenyesha mchana kutwa. Kaka alikuwa mjini, ng'ambo ya pili. Nikateremka kusoma kipimo kama kawaida yangu, nikakuta kipimo chenyewe kimezama. Daraja nalo halipo. Maji ya rangi ya matofali yanapita kwa kasi yamebeba milango ya watu. Simu haina mtandao. Nikakimbia nyumbani roho mkononi. Majirani walishahama tangu mchana. Sisi tulibaki kwa sababu Kaka alisema maji hayajawahi kufika kwetu, na Kaka akisema ndiyo kasema! Nikakuta maji sebuleni. Nyuma ya nyumba korongo limefurika, hakuna pa kupita. Chiriku anawaka moto kitandani, Mama Mdogo yuko ubavuni kwake. Shangazi kasimama uani kwenye mvua na panga lake.

Nikapiga kelele, "Wote kituoni!"

Pale kituoni kuna waya mnene wa chuma uliovutwa toka nguzo ya huku hadi nguzo ya ng'ambo. Juu yake limening'inia sanduku la chuma lenye magurudumu. Unakaa ndani, unashika kamba iliyofungwa nguzo kwa nguzo, unajivuta mpaka katikati ya mto, unapima kina. Ndivyo tunavyofanya kazi. Linabeba watu wawili tu, magoti kwa magoti, na kulivuta ni mpaka uwe umezoea. Huwezi kuongeza hata mtoto, kwa sababu waya ulishaanza kukatika nyuzi. Nimeripoti ofisini mpaka nimechoka. Wao na chai yao, chai na wao.

Tukasimama kwenye kibanda cha kituo, sisi wanne. Mama Mdogo akanivuta pembeni. Midomo yake ilikuwa karibu kabisa na sikio langu.

"Mtoto asiachwe na yule."

"Najua, Mama Mdogo."

"Na mimi nisiachwe naye. Moyo wangu huu... atanimaliza." Akanishika utosi. "Si lile la chui na mbuzi, mwanangu? Hebu panga."

Na mimi, mjinga mimi, katikati ya mafuriko, nilifurahi! Haki ya Mungu nilifurahi. Nilipanga kabla hajatoa mkono kichwani. Asiyeweza kuachwa na mtu ni Shangazi, kwa hiyo anatangulia yeye. Narudi, namvusha Mama Mdogo, na Shangazi narudi naye huku. Hapo namshusha, nampakia Chiriku, nampeleka kwa Mama Mdogo. Mwisho kabisa narudi kumchukua Shangazi. Mtoto atakuwa peke yake mara moja tu, kibandani, mlango wa chuma nimeufunga na ufunguo uko kwangu. Na mchawi hatabaki naye hata dakika moja. Jibu safi, halina doa.

Nikampakia Shangazi, panga lake hakuliachia. Magurudumu yakaanza kulia juu yetu. Kriii... kriii... Tulipofika katikati akaniuliza.

"Mtoto yuko na nani?"

"Na Mama Mdogo."

"Geuza."

"Nini?"

"Geuza hiki kitu, turudi."

"Shangazi, funga mdomo kabla sijakutosa humu."

Akaufunga. Nilimshusha ng'ambo kwa hasira, hata mkono sikumpa. Nikarudi.

Walikuwa wamekaa kwenye kizingiti cha kibanda, mwanga umeanza kufifia. Mama Mdogo kampakata Chiriku, kamwinamia. Mdomo wake ulikuwa juu ya paji la uso la mtoto. Nilidhani anampuliza ampooze. Nilipokaribia nikasikia ile pumzi. Haikuwa ikitoka. Ilikuwa inaingia.

Ffff...

"Homa imeshuka," akaninong'oneza.

Nikamgusa mtoto. Alikuwa wa baridi kama ukuta. Na mimi nikashukuru! Nikasema, afadhali. Kulikuwa na harufu ya udongo mbichi, wa shimo lililochimbwa sasa hivi, nikajiambia ni mafuriko. Mashavu ya Mama Mdogo yalikuwa yamejaa, yanang'aa, nikajiambia ni mvua. Nikamlaza Chiriku kibandani, nikafunga mlango, nikampakia Mama Mdogo.

Sikiliza vizuri hapa. Waya ule naujua kuliko ninavyoujua mkono wangu. Najua unavyolegea nikiwa peke yangu, najua unavyolegea tukiwa wawili. Shangazi ni mnene, amejaa, na tulivuka naye sanduku likiwa juu ya maji kimo cha mtu. Mama Mdogo umemwona mwenyewe. Ukimbeba unambeba kwa mkono mmoja.

Waya ulishuka.

Nilivuta, ukazidi kushuka. Magurudumu yakaacha kulia, yakaanza kuguna. Tulipofika katikati maji yakagonga chini ya sanduku... go... go... go... Uzi mmoja wa waya ukakatika. Tang! Mikono yangu ikachubuka kwenye kamba. Nilikuwa navuta mzigo wa watu wengi, na mbele yangu kakaa mwanamke mmoja, mikono mapajani, ananitazama.

"Pole na kazi, mwanangu."

Halafu mtu akakohoa.

Hakuwa yeye. Mdomo wake ulikuwa umefumba. Kikohozi kilitoka ndani yake, kifuani, chini chini, kama mtu anakohoa chumba cha pili na mlango umefungwa. Na mimi kikohozi kile nakijua! Nilikiuguza mwaka mzima. Nilikuwa nakiamkia kila kilipoanza, na bakuli la maji ya moto mkononi. Kilikuwa cha mdogo wangu.

Unajua nilifanya nini? Nikajitafutia sababu. Nikasema ni gogo limegonga. Nikasema ni masikio yamejaa maji. Mtu aliyezoea kutafuta majibu hakosi jibu, na nilivuta nikiwa nayo hayo majibu yangu mpaka nguzo ya ng'ambo.

Nilimshusha, nikampakia Shangazi. Walipopishana walitazamana. Mama Mdogo akatabasamu. Shangazi akatema mate.

Sanduku likapanda juu kama limetua gunia. Shangazi akaangalia waya, akaniangalia mimi.

"Umesikia?"

"Sijasikia kitu."

"Umesikia. Amekohoa."

Nikawa navuta tu.

"Nilikuwa nakaa pale mlangoni ili asiingie," akasema taratibu. "Kwa mdogo wako nilichelewa kujua. Kwa huyu nikasema hapana."

"Mbona hukusema kwenye kikao?"

"Nimwambie nani? Wewe?"

Damu ilikuwa inanichemka na sijui nimkasirikie nani. Akaniinamia, magoti yake yakabana yangu. "Mtoto wa kaka, hebu niambie. Nani alisema mimi nisibaki na mtoto?"

Hapo ndipo nilipoacha kuvuta.

Maana kila fumbo lina masharti. Hiki hakikai na kile, huyu hasemi kweli, mtumbwi unabeba wawili. Wewe unapewa masharti, unakimbilia jibu. Miaka yote hiyo sijawahi hata mara moja kuuliza masharti kayatoa nani. Ushahidi wa mlangoni aliuleta yeye. Moyo mgonjwa ni wake. Fumbo alinitegea yeye, akanishika utosi, akaniachia nimpelekee mtoto kwa mikono yangu mwenyewe. Nilimwacha naye mara ya kwanza, na jibu langu safi lilikuwa linasubiri nimwache naye mara ya pili!

Tulipofika maji yalikuwa kwenye ngazi za kibanda. Nikamtoa Chiriku. Hakuuliza tunakwenda wapi, yeye anayeuliza hata mbu anakwenda wapi. Nikampakia. Shangazi akanisaidia kumfunika, na ndiyo mara ya kwanza kumwona akimgusa. Alimshika kwa vidole vya hofu, kama anashika yai.

"Ukifika, usirudi," akaniambia.

"Nitarudi."

"Maji yatanifika mimi peke yangu. Wewe kaa naye."

"Nimesema nitarudi! Umenisikia? Usinipangie!"

Ndivyo nilivyoagana naye, kwa kumfokea.

Nilivuta kama mwendawazimu. Wakati navuta nilikuwa nimeshapanga upya: namshusha mtoto, nampakia Mama Mdogo, namrudisha alikotoka, namchukua Shangazi. Mtoto atangoja peke yake gizani, lakini atangoja akiwa hai. Nikafika, nikashuka na Chiriku begani.

"Panda," nikamwambia Mama Mdogo. "Panda turudi."

"Nirudi kwa nini, mwanangu? Mimi nimeshavuka."

"Panda!"

Hakusogea. Alikaa juu ya jiwe, miguu kaipanga vizuri. "Mtoto hawezi kubaki peke yake gizani. Na yule dada wa watu maji yanamla." Akanyoosha mikono. "Nipe. Mara moja tu, ukamchukue."

Nikageuka. Ng'ambo, kwenye kile kimwanga cha mwisho, Shangazi alikuwa kashika nguzo na maji yamemfika kiunoni. Nimwache afe, mtu niliyemsingizia? Au nimwache mtoto? Nilisimama pale nikitukana. Nilimtukana Kaka, nikaitukana ofisi, nikajitukana mwenyewe. Upande wa pili sauti ikaja juu ya maji:

"Kaa nayeee!"

Sikukaa naye. Nakwambia ukweli, kwa sababu wewe una mtoto na utanielewa au utanichukia. Niliingiza mguu mmoja sandukuni. Nilimtoa Chiriku begani. Mikono yangu ilikuwa imeshanyooka, na vidole vya Mama Mdogo vimeshagusa gauni lake. Vilikuwa vya moto.

Kamba ikalegea.

Ilianguka majini yote, ikavutwa na mkondo kama nyoka. Nikatazama ng'ambo. Shangazi alikuwa kasimama kando ya nguzo, panga kalinyanyua juu ili nilione. Alikuwa ameikata kamba. Na bila kamba sanduku haliendi kokote, waya wenyewe una grisi, haushikiki. Alihakikisha sitakuwa na pa kwenda.

Nilimrudisha mtoto kifuani nikapiga ukelele. Nilimfokea Shangazi, nikamwita mbishi, nikamwita mpumbavu, nikamwita Shangazi, Shangazi, Shangazi, mpaka giza likafunga ule ukingo na sikuona tena nguzo wala mtu.

Nyuma yangu Mama Mdogo akashusha mikono.

"Hilo silo jibu nililokufundisha," akasema. Sauti haikuwa ya upole.

Nikatembea mpaka hapa hospitali na mtoto kifuani. Yeye alikuja nyuma yangu. Sikugeuka, ila nilisikia vishindo vya miguu kwenye matope, na havikuwa vya mtu mmoja. Kuna mmoja alikuwa anakohoa.

Shangazi hajaonekana. Kaka alipokuja alisema nini, unajua? Alisema, "Mto umetuondolea balaa." Nilimzaba kofi mbele ya wauguzi wote, kaka yangu mkubwa, na nitamzaba tena! Sasa anawaambia watu nimechanganyikiwa kwa uchovu. Daktari kampima Chiriku kila kipimo, anasema damu nzuri, mapafu mazuri, hajui kwa nini haongei. Jana usiku hakupata homa. Hakupata kwa sababu sikusinzia. Kila nikiinamisha kichwa tu, namwona Mama Mdogo amesimama pale kwenye mguu wa kitanda, ananiuliza kwa huruma, "Utalala lini, mwanangu?"

Na hapa kanuni yao ni mtu mmoja tu wa kubaki na mgonjwa.

Ngoja. Huyo anayekuja si ni Kaka? Na muuguzi... kabeba nini kwenye kile kisahani? Hapana. Sinywi. Dada, rudisha kidonge chako, sitaki kulala, nani kakwambia nataka kulala? Kaka, niache mkono. Kaka, unaniumiza! Hebu mtazame nyuma yako, mtazame anavyomtazama mtoto, una macho ya nini wewe?

Unamwona, mama? Glasi ya maji kaileta yeye mwenyewe.

"Kunywa, mwanangu," anasema. "Nitabaki naye mimi."

Wewe mama, umesikia yote, una akili zako timamu. Waambie. Usiangalie chini. Waambie nani asibaki na mtoto huyu! Sema, basi! Sema!